Tathmini Ambayo Sikuituma

Jumatano, 5 Novemba

Nimemaliza kusahihisha madaftari ya wanafunzi, nikafungua daftari la besiboli. Kila Jumatano kazi ni hiyo. Mechi ni Ijumaa baada ya alasiri, uwanja wa changarawe kule Amerat, na tathmini yangu lazima iingie kwenye kundi la simu leo kabla ya magharibi. Nani anarusha, nani yuko vizuri na gongo siku hizi.

Kwetu anarusha Harith, mdogo wangu. Mpira wake hauna kasi, ila unapinda mwishoni na kumdanganya mpigaji. Mrushaji wa Sib, wapinzani wetu, ana nguvu, akichoka anarusha ovyo. Nimewaandikia: mvumilieni mpaka zamu ya nne. Wa kuangaliwa ni Khamis wetu. Mechi tatu mfululizo hakosi. Nimeandika kwamba mkono wake sasa hivi hauna mfano.

Mtu akajibu: "Da Zuwena, sema mashaallah basi." Nimecheka. Mimi mwalimu wa hesabu. Tathmini si sifa.

Asya, mke wa Harith, yuko mwezi wa tisa. Wamesubiri miaka kumi na moja. Nimeshona vishati vitano. Sina mtoto wala sifichi: huyu namsubiri kama wangu.

Ijumaa, 7 Novemba

Mpira wa kwanza aliorushiwa Khamis ulimgonga kifundo cha mkono. Niliusikia mfupa kutoka pale ninapokaa kuandika matokeo. Umevunjika. Tumeshinda, hakuna aliyeshangilia.

Bahati mbaya. Besiboli watu hugongwa.

Jumatano, 12 Novemba

Tathmini. Safari hii nimemtaja Nassor, mpigaji wetu wa nne. Tangu mwezi uliopita hadanganyiki na mpira wa kupinda. Nimeandika: "Macho yake yanauona mpira kabla haujatoka mkononi mwa mrushaji." Sentensi nzuri. Niliipenda.

Kundi kimya. Hata kidole gumba hakuna.

Ijumaa, 14 Novemba

Nassor hakuuona mpira. Sisemi aliukosa. Hakuuona.

Alisimama na gongo begani, mipira mitatu ikampita, akatolewa. Zamu iliyofuata akauliza kwa nini hawarushi. Mpira ulikuwa tayari umeshadakwa nyuma yake. Watu walidhani mzaha. Akavua kofia, akayasugua macho. Wamempeleka kwa daktari wa macho jioni hii hii. Macho mazima.

Nimerudi nyumbani, nikaitafuta ile sentensi kwenye simu, nikaifuta. Kisha nikajiuliza nafuta nini.

Jumapili, 16 Novemba

Nilimpelekea Asya vishati. Alikuwa amejifunika shuka kutoka kifuani mpaka miguuni, na joto hili. Nikadhani anaumwa. Kumbe anafunika tumbo. Anifunikie mimi.

Vishati alivipokea kwa ncha za vidole, akaviweka mbali. Saa nne asubuhi na nyumba nzima imejaa moshi wa ubani. Angeyasema wazi, ningemjibu.

Nina jicho. Ndivyo wanavyosema, sasa nimejua. Nimefundisha mabinti wa watu miaka ishirini na sita, nimewasifu mmoja mmoja, na hawakudhurika. Au walidhurika nami sikufuatilia? Nimeumia. Nimeumia sana.

Jumatano, 19 Novemba

Sikutuma kitu. Nimesingizia mitihani.

Ijumaa ni fainali, sisi na timu ya Ghala. Mrushaji wao ni Rodel, Mfilipino mwembamba mwenye adabu. Msimu mzima hatujaweza kumpiga. Harith amekuja baada ya alasiri, hata hakuketi. Anataka nimwandike Rodel. "Msifu, Da Zuwena. Msifu mpaka basi. Usiseme mashaallah."

Nilimtazama nikingoja acheke. Hakucheka. Nikamwambia mkewe ananifunikia tumbo, na yeye anataka kunitumia kama jiwe la kurushia watu.

"Wewe si husema hesabu tu?" akanijibu.

Hapo alinipata. Nimemfukuza, na chai yake nimeimwaga.

Alhamisi, 20 Novemba

Sikukuu ya taifa. Bendera barabara nzima, magari yanapiga honi. Mimi ndani.

Niseme kweli, maana humu hakuna wa kunisikia. Nataka kuandika. Kikombe wakichukue wenyewe, mimi nataka kujua tu. Nikimwandika Rodel na asidhurike, nimesafika, na Asya atanipa mtoto nimshike. Akidhurika, basi nitajua pia.

Lakini Rodel anatoa watu damu kwenye zahanati. Alinitoa mimi mwaka jana. Nilikuwa nangoja sindano, kumbe ameshamaliza. Mkono ule ndio ugali wa watoto wake, na wako mbali.

Sitatuma. Ila mazoea yana taabu. Tangu jana kichwa kinaandika chenyewe, hata kwenye sala. Naitoa humu ili nipumzike.

Rodel na Harith. Harith ataanza vizuri, kwa sababu wapigaji wa Ghala wana pupa na mpira wake unawaadhibu wenye pupa. Wakimzoea, kwenye zamu ya tano, wataanza kumpiga. Rodel hazoeleki. Anarushia pembeni ya nyonga, mpira unaanza chini na kupanda, na wapigaji wetu wa mkono wa kushoto wanakata hewa. Tangu Septemba hajachoka hata mara moja. Mkono wake wa kulia hauna kosa.

Nimeisoma tena. Imekaa sawa. Nimefunga daftari.

Ijumaa, 21 Novemba

Zamu ya tatu. Rodel aliupeleka mkono nyuma arushe. Ukabaki huko.

Mpira ulimponyoka ukaanguka kwenye changarawe. Mkono haukushuka. Alitabasamu kwanza, kama anayeomba radhi kwa kuchelewesha mchezo. Halafu akaushika kwa mkono wa kushoto akaushusha polepole, kwa uangalifu, mpaka ubavuni. Alipouachia, ukaning'inia. Hakulia. Alikuwa anautazama tu.

Tumeshinda. Matokeo sikuyaandika. Penseli niliiacha kule kule.

Jumamosi, 22 Novemba

Simu tangu asubuhi. Wananiomba radhi. Wanasema Da Zuwena safari hii hakuandika chochote, na bado Rodel amepooza mkono, basi haikuwa yeye. Kwa walichokiona, hesabu yao haina kosa. Ningewapa alama zote.

Khamis amenitumia ujumbe wa sauti, analia. Nassor ameniita mama. Harith kasema neno moja, "Bahati," akakata. Nafikiri yeye peke yake ana shaka, na haimsumbui. Hilo sitamsamehe upesi.

Asya kapiga mwenyewe. "Wifi yangu, nisamehe. Nimekudhulumu. Shetani tu." Nikamwambia yameisha. Nilikuwa nimekaa juu ya kitanda, na daftari hili limo chini ya godoro.

Nilitaka kulichoma. Nimewasha kiberiti, nikakizima. Jina la Rodel limo humu. La Harith pia. Sijui kingeungua nini.

Jumanne, 25 Novemba

Asya amejifungua. Mtoto wa kike. Wamenipigia niende hospitali, nikasema nina mafua.

Nilikwenda kwa Rodel badala yake. Vidole viwili vinacheza kidogo. Madaktari hawajui. Aliniuliza kwa Kiarabu chake cha kuungaunga kwa nini naomba radhi mimi. Nikasema nimekuja tu kumtazama. Kulitamka tu neno hilo, kutazama, nikajiogopa mwenyewe, nikainamisha kichwa mpaka nikatoka.

Jumatatu, 1 Desemba

Siku ya saba ya mtoto. Mafua yameisha muda wake, nikaenda.

Asya alinipakatia mwenyewe, mbele ya watu, hana shuka hana hirizi, ili kila mtu aone ananiamini. "Haya msifu, shangazi mtu. Kakushabihi wewe mtupu!" Sebule nzima inanitazama kwa wema. Mtoto kafumbua jicho moja.

Nikasema mashaallah. Nikairudia. Kisha nikasema, "Loo, mbaya huyu!" Wakaangua kicheko. Wazee wetu ndivyo walivyokuwa wakiwaambia vichanga, na Asya akanibusu begani akaniambia nimekuwa bibi kabla ya wakati. Nilikaa naye mapajani mpaka adhuhuri. Hakulia hata mara moja.

Sasa niko nyumbani, na kalamu iko mkononi. Haiwezekani nisimwandike. Nimejaribu tangu alasiri.

Binti wa Harith. Nywele hazina lolote. Pua ovyo. Macho ya kawaida, hayaoni mbali. Vidole vibaya, vyote kumi. Mikono dhaifu. Sijapata kuona mtoto mbaya kama huyu.