Bwana Wavu na Kipepeo wa Rangi ya Majani ya Chai

Ni mwaka mmoja sasa, Bwana Wavu, tangu ulipolaza kichwa juu ya meza yako ya kazi na usikiinue tena. Nilikuletea chai nikadhani umesinzia. Nikakugombeza kwanza, Mungu anisamehe, kwamba mtu mzima halali juu ya gundi. Lenzi ilikuwa bado mkononi mwako.

Mtaa mzima ulikujua kwa jina hilo, hata mimi mkeo nililizoea kuliko lile la kwenye cheti cha ndoa. Miaka thelathini na mmoja, kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, ulipita njia ileile kutoka kwenye tangi la maji hadi kijito cha bondeni, nyuma ya machimbo ya mawe, ukihesabu vipepeo. Ulitaka kujua eneo letu lina aina ngapi, zipi zinaongezeka na zipi zinatuaga. Ulifika mia nne na kumi na mbili. Siku usipoona kitu uliandika sifuri na kuipigia mstari. "Sifuri nayo ni habari," ulisema. Mimi nilisema nimeolewa uke wenza na wadudu.

Ulikuwa mpole kupita kiasi. Nilipofua shati lako likiwa na vipepeo watatu mfukoni, ndani ya vile vibahasha ulivyokunja kwa magazeti, hukufoka. Ulikaa kizingitini, ukavuta pumzi, ukasema, "Basi, mke wangu, angalau wameoga." Siku wakwe walipokuja kumposa binti yetu, ulimkimbiza kipepeo sebuleni hadi ukamkanyaga mshenga. Posa ilikubaliwa hivyohivyo, mshenga akichechemea.

Wala hukuwa mchoyo wa sifa. Kila kipepeo ulimchoma pini, na chini yake, kwenye pini ileile, ukaweka kikaratasi chenye tarehe, mahali, na mtu aliyemwona kwanza. Mvunja kokoto, muuza mkaa, mwalimu wa hesabu, wote wamo katika masanduku yako. "Macho ni yao," ulituambia, "mimi nina wavu tu."

Sasa nikwambie jambo ambalo kila nikija kaburini nalimeza.

Siku za msiba nyumba ilijaa, na wanawake wengine tuliwalaza kwenye chumba chako cha kazi kwa kuwa hapakuwa na pengine. Wifi yangu, dada yako, ana pumu, na harufu ya vile vidonge vyeupe vya nafthalini ilimkaba. Nikasema vitolewe. Ni mimi niliyesema, asilaumiwe mwingine. Kifungua mimba wetu akavikusanya kutoka kila sanduku, akavitupa shimo la taka, na vifuniko tukaviacha wazi vipate hewa. Uliniambia mara mia kwamba bila vidonge hivyo vijidudu vinakula kila kitu. Kwa uchungu ule niliwakumbuka wageni, nikaisahau kazi yako.

Miezi minne baadaye alikuja yule mtafiti wa makumbusho uliyekuwa ukimwita mwanangu. Alifungua sanduku la kwanza taratibu, la pili taratibu, kisha akaanza kuyafungua harakaharaka.

"Mama, dawa mliitoa?"

"Tuliitoa, mwanangu. Ilikuwa inamkaba mgonjwa."

Alikaa chini sakafuni. Ndani ya masanduku palikuwa na pini, vikaratasi na unga.

"Wengi tunao wa aina zao kule kwetu, hao tutavumilia," alisema. "Lakini yule mdogo wa kahawia, aliyemkamata mzee kule bondeni, alikuwa huyu mmoja tu. Hajaandikwa popote duniani. Tungekuwa naye tungeomba lile bonde lisichimbwe. Sasa bila mwili wake nitawaambia nini? Picha ya kwenye simu ya mzee ni ukungu mtupu."

Nilikukasirikia, nisikufiche. Ulimkamata mmoja tu, ukasema wengine waachwe wazae. Sawa. Lakini miaka miwili ulikaa naye ukimlinganisha na wenzake vitabuni, nami nikikuhimiza umpeleke, unanijibu haraka haraka haina baraka. Ngoja ngoja nayo huumiza matumbo, baba watoto. Halafu hasira ikanirudia mwenyewe, na huko ndiko ilikobaki.

Tangu siku ile, kila Jumamosi ya kwanza nakwenda mimi na wavu wako na daftari lako. Magoti yananiuma, na mtaa umeshanibatiza Bibi Wavu. Machimbo yamekula upande mzima wa bonde, na kijito kinapita kimejaa vumbi jeupe. Kwa huyo wa kahawia, miezi minane, nimeandika sifuri nane. Zote nimezipigia mstari kama ulivyotaka.

Wiki iliyopita nilikaa kusafisha sanduku lake. Kipepeo akiwapo juu ya pini, kikaratasi chake hakisomeki mpaka uinamishe shingo, na mimi sikuwahi kujisumbua. Sasa hakuna wa kukiziba. Nikavaa miwani yako. Tarehe ni ya siku ile niliyokufuata bondeni na mwavuli, baada ya ugomvi wetu wa asubuhi, nikakuonyesha kidude cha kahawia, rangi ya majani ya chai makavu, kilichotua kwenye kiatu changu. "Na huyu je, naye ni mke mwenzangu?" nilikuuliza kwa kejeli. Ulimfunika kwa wavu bila kunitazama. Nilidhani bado umekasirika.

Kwa herufi zako ndogo umeandika: *Aliyemwona kwanza: mke wangu.*

Tunaokulilia ni mimi mkeo, kifungua mimba wetu, ambaye hadi leo halali vizuri kwa ajili ya vidonge vile, kitinda mimba wetu, dada yako, wajukuu zako wawili, na mtafiti wako, anayekuja kila mwezi kuuliza kama yule wa kahawia ameonekana.

Daima tutakukumbuka, Bwana Wavu. Jumamosi nashuka tena bondeni, na nitavaa viatu vilevile.