Ufunguo Nilioutoa Baada ya Jua Kuzama

MAELEZO YA SHAHIDI

Kituo cha Polisi, Homa Bay
Jumapili, tarehe 18 Mei 2025. Kuandika kumeanza saa nne na dakika ishirini asubuhi.

Jina: Jeremiah Maranga Kerosi
Umri: miaka 74
Kazi: mwalimu mstaafu wa shule ya msingi
Makazi: Oruba, mjini Migori, nyumba ya kupanga
Lugha: Kiswahili

Mimi ndiye mwenye jina lililo hapo juu. Nilizaliwa Nyamira, nikalima karibu na Molo hadi mwaka 1992, nikapanga Awendo kwa miaka minane, na tangu hapo niko Migori. Afisa ameniambia nitaje makazi ya kudumu. Nimetaja Oruba kwa kuwa sina pengine.

Maelezo yangu yanahusu gari aina ya Toyota Probox, jeupe, KBQ 417D, ambalo jana lilimgonga Bi. Rispa Oduma, muuza nyanya, kwenye makutano ya Rodi Kopany. Yanahusu pia Bw. Mniko Gisiri wa Kehancha, aliyekuwa akiliendesha. Nimeambiwa kwamba amezuiliwa hapa tangu jana kwa tuhuma ya kuiba gari hilo.

Gari hilo nililinunua mwaka 2012 pamoja na mke wangu Bathsheba, aliyefariki Agosti 2023. Mwezi wa Machi mwaka huu daktari wa macho alinikataza kuendesha. Gari likakaa uani wiki saba. Kila asubuhi nililiwasha dakika kumi ili betri isife, nikiwa nimeketi ndani, kisha nikalizima na kurudi nyumbani. Mwanzoni mwa Mei niliona hilo halina maana, nikaamua kuliuza.

Nilikuwa nimesikia habari za watu waliodhulumiwa wakiuza magari, kwa hiyo niliandika kwenye daftari mambo ya kufuata. Mnunuzi asije nyumbani. Tukutane mchana, mahali penye watu. Nione kitambulisho chake na nikipige picha. Asilijaribu gari akiwa peke yake. Ufunguo usitoke mkononi mwangu kabla ya malipo kuingia benki na mkataba kutiwa sahihi na sote wawili, ukionyesha tarehe na saa ya kukabidhi. Saa hiyo ndiyo niliyoipigia mstari. Lolote linalotendwa na gari kabla yake ni juu ya muuzaji, na baada yake ni juu ya mnunuzi.

Mnamo tarehe 13 Mei, Jumanne, saa tano asubuhi, nilikutana na Mniko mara ya kwanza katika kituo cha mafuta mjini Migori. Nilikuwa na fundi wangu, Bonface. Mniko ni mkulima wa tumbaku, mwenye umri wa miaka 38 kwa mujibu wa kitambulisho chake. Aliinama kidogo kunisalimia, akaniita tata. Sisi Wagusii ndivyo tunavyomwita baba, na Wakuria kama yeye vilevile. Mtu wa mwisho kuniita hivyo uso kwa uso ni binti yangu Dolphine, kwenye mazishi ya mama yake.

Tulilijaribu gari hadi njia ya Awendo na kurudi, Mniko akiendesha, mimi kando yake, Bonface nyuma. Bonface alikagua breki na usukani, akasema viko sawa. Akaongeza, "Mwalimu, hii gari umeitunza kuliko hata magoti yako."

Mniko akajibu, "Basi mimi nanunua gari. Magoti abaki nayo."

Nilicheka. Nalitaja hilo kwa sababu nimeulizwa kama kulikuwa na ugomvi wowote kati yetu. Haukuwapo.

Mnamo tarehe 16 Mei, Ijumaa, saa nane na nusu mchana, tulikutana benki. Malipo yote yaliingia kwenye akaunti yangu na nikapata ujumbe saa tisa na dakika kumi. Kutoka hapo tulikwenda kwenye saiba, duka la kompyuta, ili kuhamisha umiliki kwa mtandao. Mtandao ulikuwa umelala. Tulingoja hadi saa kumi na moja na nusu, mwenye saiba akatuambia turudi Jumatatu. Alituchapia mkataba wa mauziano, nakala mbili. Miwani yangu ya kusomea ilikuwa nyumbani, nami sitii sahihi karatasi ambayo sijaisoma. Nikamwambia Mniko twende kwangu. Hapo nilivunja jambo la kwanza nililoliandika kwenye daftari.

Tulifika saa kumi na mbili na dakika tano. Nilichemsha chai. Nilisoma mkataba wote, haukuwa na kosa. Saa kumi na mbili na dakika kumi na nne Mniko aliniuliza, "Tata, tutie sahihi?" Ninaijua saa hiyo kwa sababu nilitazama ukutani. Mimi ni Mwadventista. Sabato yetu huanza jua linapozama siku ya Ijumaa, na kuanzia hapo hadi jua la Jumamosi lizame hatununui, hatuuzi, hatutii sahihi mkataba. Kalenda ya kanisa ilionyesha kwamba jua lingezama saa kumi na mbili na dakika thelathini na tisa. Kwa hiyo zilibaki dakika ishirini na tano, na kalamu ilikuwa mezani.

Nilimwambia, "Kunywa chai kwanza." Alikunywa. Akatazama vitabu vyangu, akaniuliza kwetu hasa ni wapi.

Swali hilo ni fupi. Nilimweleza shamba la ekari sita, ng'ombe watatu, shule niliyofundisha, na asubuhi ya machafuko ambayo mimi na Bathsheba tulikimbia na masanduku mawili, moja la nguo na moja la vitabu. Alisikiliza. Aliuliza majina ya ng'ombe. Katika miaka thelathini na mitatu hakuna aliyewahi kuniuliza majina ya ng'ombe. Katikati ya maelezo hayo alisema tena, kwa upole, "Tata, si tumalize karatasi kwanza?" Nilimwambia bado nina neno moja. Nilipomaliza, jua lilikuwa limezama.

Nikamwambia, "Kijana wangu, kalamu tutaishika Jumapili."

Akasema, "Na gari je? Mama anatoka wodi kesho saa tatu, huko Homa Bay. Nilimwambia nakuja na gari."

Nilifikiri. Niliona kutia sahihi ni biashara, ila kumpa mtu ufunguo akamchukue mama yake mgonjwa ni msaada, na msaada haukatazwi siku ya Sabato. Nilimpa ufunguo kwa mkono wangu. Kitabu cha gari, kinachoonyesha mmiliki, nilibaki nacho.

Mniko hakuupokea upesi. Alisema, "Bila karatasi, tata? Polisi wakinisimamisha?"

Nilimjibu, "Waambie wanipigie."

Wakati nasema hivyo, simu yangu ilikuwa kwenye droo, imezimwa. Nilikuwa nimeizima muda mfupi kabla ya jua kuzama, huku nikizungumza, kama ninavyofanya kila Ijumaa. Siku ya Sabato sina mtu wa kunipigia, kwa hiyo sikukumbuka kwamba juma hili yupo wa kunipigia.

Nilifungua Sabato kwa wimbo, kama desturi. Mniko ni Mkatoliki na wimbo hakuujua, lakini alisimama hadi mwisho. Aliondoka saa moja na dakika tano.

Mnamo tarehe 17 Mei, Jumamosi, nilikwenda kanisani kwa miguu, nikarudi saa kumi jioni. Niliwasha simu jua lilipozama. Nilikuta nimepigiwa mara kumi na nne: tisa na Mniko, tano na namba nisiyoijua. Niliipigia namba hiyo. Afisa aliyepokea aliniambia kwamba saa nane na dakika arobaini mchana gari langu lilitoka barabarani pale Rodi Kopany na kumgonga mama aliyekuwa akipanga nyanya. Kwamba dereva hakukimbia. Kwamba karatasi zote za gari zinasoma jina langu, na dereva amedai kwamba mwenye gari angethibitisha kwa simu.

Nilimpigia Dolphine, aliye Nakuru. Alisema, "Baba, hiyo gari bado ni yako kwa karatasi. Ukikubali ulimpa, kesi ya huyo mama inakuja kwako. Sema tu aliichukua."

Nikamwambia, "Hakuichukua."

Akasema, "Nani alikuwa hapo aone?"

Nilimwambia hapakuwa na mtu. Akaniuliza kama nimekula.

Leo nimeondoka Migori saa kumi na mbili asubuhi na kufika hapa saa mbili na dakika hamsini. Kwenye benchi la nje nilimkuta mama mzee mwenye blanketi na mfuko wa dawa za hospitali. Ni Bi. Bhoke, mama yake Mniko. Alikuwa kwenye gari, hakuumia. Usiku wa kuamkia leo alilala kwa msamaria mmoja hapa mjini. Aliongea nami Kikuria, nikamwelewa vizuri.

Aliniuliza, "Wewe ndiye mwenye gari?"

Nikasema, "Ndimi."

"Simu yako ilikuwa wapi?"

Nilimwambia ilikuwa imezimwa, nilikuwa nikisali.

Akasema, "Na sisi tulikuwa tukisali. Tulisali uipokee."

Niliingia ndani, nikaomba kuandikisha maelezo.

Nimeulizwa na afisa kama Mniko alichukua gari bila idhini yangu. Hapana. Nilimpa mwenyewe. Nimeulizwa kama alikuwa ameshalinunua. Malipo alimaliza, mkataba haukutiwa sahihi, nami ndiye niliyeuchelewesha, si yeye. Nakala zote mbili nimezikabidhi kituoni zikiwa na nafasi tupu za sahihi. Kuhusu namna ajali ilivyotokea sijui lolote, sikuwapo. Bi. Rispa sijamwona. Nimeambiwa mguu wake wa kushoto umevunjika, na nikitoka hapa nitakwenda hospitalini kumwona.

Afisa ameniuliza pia kama ni lazima habari ya shamba na ng'ombe ibaki katika maelezo haya, kwa kuwa haihusiani na gari. Nimeomba ibaki. Mtu akisoma kwamba tulifika saa kumi na mbili na dakika tano na jua likazama saa kumi na mbili na dakika thelathini na tisa, atauliza mnunuzi alikuwa akifanya nini muda huo wote bila kutia sahihi, na atamdhania vibaya. Alikuwa akinisikiliza.

Hayo ndiyo niliyoyaona na kuyatenda. Nimeyasoma mwenyewe nikiwa na miwani yangu, nimesahihisha tarehe moja, na hakuna aliyenitisha wala kuniahidi kitu.

Sahihi: J. M. Kerosi

Maandishi ya afisa: Maelezo haya nimeyaandika mimi, Koplo Edith Abuya, na kuyamaliza saa sita na dakika tano mchana. Shahidi ameelezwa kwamba kwa maelezo haya anabaki kuwa mmiliki wa gari, na anaweza kuitwa kujibu madai ya majeruhi. Amesema ameelewa. Tuhuma ya wizi dhidi ya Mniko Gisiri imeondolewa. Suala la ajali linaendelea. Shahidi aliombwa namba ya ndugu wa kupigiwa siku ambazo yeye hapatikani. Aliandika ya bintiye, akaikata, akaandika yake, na kusema kuanzia leo itakuwa wazi siku zote saba.