Mpinzani wa Mama Limi

Shinyanga,
Jumapili, 14 Agosti 1977

Kaka yangu mpendwa Onesmo,

Shikamoo. Naomba Mungu barua hii ikukute mzima, wewe, shemeji Mbuke na watoto, na kile kikohozi cha vumbi la shimoni kiwe kimekuachia angalau usingizi. Nilipolala kwenu Pasaka nilikuwa nakisikia ukutani, nikajifanya nimelala. Mimi kwa mwili ni mzima. Kwa roho, kaka, nina hofu ambayo sijawahi kuwa nayo, hata siku ile tuliyokutana na fisi njia ya Bugarama.

Unajua kwamba nilichaguliwa kwenye kozi hii ya matayarisho, mwaka mmoja, kwa ajili yetu tuliokwisha kufanya kazi na sasa tunaandaliwa kuingia Chuo Kikuu kusoma historia, siasa na mambo ya jamii. Mwalimu wetu ni Bwana Hatibu, mtu wa Ujiji, mwembamba, mpole wa sauti, lakini weee! Siku ya kwanza alituambia kwamba mazoea yetu ya kunakili ubaoni na kuyarudisha kwenye mtihani tuyaache getini. Alisema kitabu hukaguliwa kama ng'ombe mnadani: unamfungua mdomo, unamtazama meno, unamshika nundu, ndipo useme unamtaka au humtaki. Tulicheka sana. Hatukujua kwamba tutaambiwa tukaguane sisi kwa sisi.

Sasa keti kwanza. Kuna jambo sikukuandikia kwa aibu. Katika darasa hili yumo Mama Limi. Ndiyo, mkwe wangu, mama mzazi wa mke wangu! Yeye ni bibi maendeleo, na ofisi yake ilimpendekeza kama shule yangu ilivyonipendekeza mimi, wala hakuna aliyejua habari ya mwenzake. Nilipomwona anaingia siku ile ya kwanza niliruka nje kupitia dirishani, suruali ikachanika, na wenzangu wa pwani wakacheka hadi machozi. Tangu hapo yeye hukaa mbele kabisa, kajifunika khanga upande, nami hukaa nyuma kabisa natazama viatu vyangu. Chakula nakula na mlinzi. Akiwa na neno kwangu humwambia mwenzetu Apolonia amwambie baba yule, hali baba yule anasikia kila kitu.

Basi Bwana Hatibu ana utaratibu wake. Kila mwanafunzi husoma makala yake mbele ya wote, na mwenzake mmoja huteuliwa kuwa mpinzani. Nusu ya alama ni za makala, nusu ni za jinsi mwenye makala anavyomjibu mpinzani. Tulipiga kura kwa vikaratasi. Nilipofungua changu na kuona jina la Mama Limi, kwamba mimi ndiye mpinzani wake, nilikikunja upesi nikakitia mfukoni. Nilimfuata mwalimu ofisini nikamweleza mila zetu Wasukuma, kwamba mtu hamtazami mama mkwe usoni wala habishani naye. Alinisikiliza kwa adabu, kisha akasema kwamba huko tuendako hakuna kiti cha mkwe.

Alhamisi Mama Limi akasoma. Makala yake ilihusu vijana wanaokimbilia mashimo ya dhahabu. Alisema kinachowapeleka ni uvivu na tamaa, kwamba wanaliogopa jembe. Aliisoma bila kutetemeka, ingawa darasa zima linajua habari ya mwanawe Masele, yule aliyefukiwa na kifusi shimoni kabla sijamwoa Limi. Zamu yangu ilipofika nilisimama nikiutazama mlango. Nikasema makala ni nzuri, sina la kuongeza, nikaketi. Bwana Hatibu akatuandikia sifuri ya mabishano wote wawili, kwa maana hoja isiyopingwa haina cha kujibiwa.

Juzi Ijumaa mchana nafua shati nje ya bweni, naona kivuli kimesimama. Kaka, alikuwa yeye! Nilitaka kukimbia, shati likiwa bado mkononi. Akaniita kwa jina langu, Theonest, jina ambalo hajawahi kulitamka. Alisema aliacha shule ili aolewe, akajisomea peke yake miaka yote huku analea, na mumewe, Mzee Mageni, amempa mwaka huu mmoja tu. Akikosa alama anarudi nyumbani, basi. Alisema mimi nadhani nilimpa heshima, kumbe nimemchinja. Alikuwa amempigia mwalimu magoti mpaka akakubali turudie kesho Jumatatu. Akamaliza kwa kusema nikimwonea huruma tena, atajua binti yake ameolewa na mtu asiye na ulimi. Akaenda zake, akaniacha na shati linadondosha maji.

Tangu saa ile sili, silali. Maana makala yake, kaka, ina kosa, nami najua kosa liko wapi. Vijana hawakimbii jembe. Wanatafuta ng'ombe wa mahari wanaotakiwa na wazee wale wale wanaoyalaani mashimo. Masele naye alikwenda kutafuta ng'ombe wake wa kuolea, Limi aliniambia. Na ushahidi mkubwa kuliko wote ni sisi. Mzee Mageni alipoapa kwamba baada ya kifo cha mwanawe hakuna kitu cha dhahabu kitakachoingia uani kwake, wewe na baba mdogo mliapa mbele yake kwamba ng'ombe wetu ni wa zizi la marehemu baba. Zizi gani, kaka, nalo lilikwisha kwa ukame? Kila ng'ombe wa mahari yangu aliyeingia kule alitoka shimoni ulikochimba, na kifua chako ndicho kinachokohoa gharama yake.

Nimejaribu kupanga niseme aliyefanya hivyo ni mtu fulani tu, nisitutaje sisi. Haitafaa. Ataniuliza ni nani na wa wapi, ndivyo tulivyofundishwa, naye ndiye mwanafunzi bora kuliko sote. Nami sitaweza kumdanganya usoni. Mzee Mageni akisikia anaweza kuwarudisha ng'ombe na kumchukua Limi, na Limi ni mjamzito. Naogopa, kaka. Lakini kinachonitisha zaidi nakueleza wewe tu: kesho naitaka ifike. Nataka mama yule asikie kutoka kwangu, mbele za watu, kwamba mwanawe hakuwa mvivu.

Sikuombi ruhusa, maana barua hii nampa dereva wa lori la pamba, na itakapokufikia nitakuwa nimekwisha kusema. Naomba unisamehe. Ukiona ng'ombe wanaswagwa kuingia uani kwako, wapokee, ni jasho lako, na ujue kwamba nilisimama.

Msalimie sana shemeji Mbuke, watoto wabusu mmoja mmoja, na baba mdogo mwambie namwamkia. Kunywa dawa.

Ni mimi mdogo wako,
Theonest