Komunike ya Kifo Yenye Nilikatala Kusoma

Yaya Espérance, mukubwa wangu ku redio,

Kaa vizuri kule uko, nikuelezee. Ningeanza na habari ya nyumbani na ya afya, lakini siwezi kungoja. Nimeshinda, Yaya, na njo weye ulipashwa kuwa wa kwanza kujua.

Tangu tukuzike, mambo ku redio imebadirika kidogo. Tuko na panneau mupya ya umeme ya jua juu ya nyumba, sasa hata mvua ikinyesha tunaendelea kusema. Kiti yako iko palepale, hakuna muntu anaikalia. Mimi nasoma nikisimama. Direkteri alinipatia zile komunike zote, matangazo ya watu yenye weye ulikuwa unasoma, mimi mwenye sikukanyaga masomo ya kazi ya habari hata siku moja, mwenye nilijifunza na telefone mu shamba ya maharagi ya mama, nikijirekodi na kujicheka. Unakumbuka vile ulinisikia mara ya kwanza? Ulisema: "Huyu mutoto anasema mbio kama muntu anakimbia mvua. Mumulete."

Basi, juma yenye ilipita, kilima moja ya wachimbaji upande ya Rubaya ilianguka sababu ya mvua mingi. Hakuna mwenye alijua watu ngapi wako chini. Lakini mu telefone za watu kila kitu ilikuwa inajulikana: majina, picha, hata wa kulaumu. Picha moja ilikuwa na minazi nyuma. Minazi, Yaya, huku kwetu ku milima.

Kesho yake asubui Papa Zacharie akaingia na komunike imeandikwa muzuri: mutoto wa kaka yake, Innocent, muchimbaji, amekufa mu ile kilima, jamaa yote ya Masisi na ya Walikale ijue, matanga iko kwake. Macho yake ilikuwa myekundu. Nilimupatia kiti, nikamuuliza ile kitu ulikuwa unauliza kila muntu mwenye kuleta komunike ya kifo: "Papa, nani alimufunga macho?"

Akaniangalia sana. Akasema hakuna, lakini wabebaji wa mizigo walimuletea koti ya Innocent, imetoka mu udongo, na ile koti anaijua, njo yeye mwenyewe alishona mukono yake.

Koti. Unajua vile wachimbaji wanafanya. Mwenye kutoka mu shimo anavua koti, mwenye kuingia anaivaa, sababu kule ndani iko baridi. Koti moja inashuka na watu wengi. Nikamwambia polepole: "Papa, hii inatuonyesha koti tu, haituonyeshe muntu." Akasimama. "Weye mutoto wa juzi, hata diplome hauna, unataka nikuletee maiti hapa ku mikro?"

Direkteri akatoka mu biro. Si muntu mubaya, unamujua, ila anaogopa kubakia nyuma. Akasema: "Asifiwe, soma. Wengine wote wameshasema. Kama hausome, patia mwingine mikro."

Bila ile mikro mimi niko nani? Narudi ku maharagi. Lakini niliwaza Mama Feza, mama ya Innocent, kule Walikale. Akisikia tu, atafunga kitambaa na kushika njia ya pori akuye kulilia mutoto wake, na ile njia leo, hata wanaume wenye nguvu wanaiogopa. Tungemuua na komunike. Nikasema: "Direkteri, nipatie mpaka jurnali, habari za jioni. Nikishindwa nitaondoka mwenyewe." Na kwa Papa Zacharie: "Tuende wote, Papa, tumutafute."

Tukapanda moto moja, pikipiki ya kukodi, dereva mbele, mimi katikati, yeye nyuma ananung'unika mpaka Sake: "Mutoto wa wenyewe ananizungusha na kilio yangu." Ku baryeri yenye kufunga njia, walinzi wakatuuliza tunaenda wapi. Akajibu mbele yangu: "Tunaenda kutafuta muntu mwenye huyu mukaidi anamukatalia kufa." Wakacheka, tukapita. Ku soko ya Sake, mama moja mwenye kuuzisha mawese akatuambia wenye kuumia walipitishwa njia ya Kirotshe, ku lopitali. Tukaendelea.

Nilipofika niliweka telefone mu mufuko. Muganga akasema ngoja, nikangoja. Kisha tukaingia. Karibu na dirisha kulikuwa kijana, muguu imefungwa plastre. Papa Zacharie akakauka mu mulango. Yule kijana akamwangalia, akasema: "Baba mudogo, umeniletea chakula ao umekuya mikono mitupu?"

Yaya, ule muzee alikaa chini, ku simiti, akalia kama mutoto, kisha akaanza kumutukana. "Mujinga weye, unakufa bila kuambia muntu." Wagonjwa wote wakacheka, hata wenye kuvunjika mbavu, na kucheka kuliwauma.

Ku kitanda ya kando mama moja alikuwa analilia mutoto wake. Ile sauti ingeingia muzuri sana mu reportage, na mukono yangu ilikuwa imeshashika telefone. Nikatoa mukono mutupu, telefone ikabakia mu mufuko. Innocent nilimuomba ruhusa kwanza. Akakubali sauti, akakatala picha. Kisha akanambia, polepole, nani alikuwa amevaa koti yake wakati kilima ilianguka. Ile jina sikuisema ku redio siku ile. Papa Zacharie mwenyewe njo alienda kwa ile jamaa, akawaambia ndani ya nyumba yao, akakaa nao.

Jioni nikasimama ku mikro. Sikupamba kitu. Niliweka tu sauti yake: "Mama, ni mimi Innocent. Usitoke. Niko muzima, ni muguu tu. Bakia nyumbani, mimi njo nitakuya." Direkteri alikuwa nyuma ya kioo. Akanifanyia alama na kidole: weka tena. Nikaweka tena. Na tena.

Telefone ikalia. Ilikuwa pastere wa kijiji yao. Anasema uvumi ilishamufikia Mama Feza kupitia telefone za watu, alikuwa ameshafunga kitambaa, kikapo ku mugongo, anatoka. Vijana walimukimbilia na redio ingali inasema, wakamusimamisha ku nyumba ya mwisho, mbele pori ianze. Alisikiliza. Akasema: "Ni yeye. Njo vile anasemaka akiwa na njaa." Akarudi nyumbani.

Siku hizi jurnali yote iko yangu. Kuko wanafunzi wa kazi ya habari wametumwa huku kufanya staje, kujifunza kazi, na wameniuliza namna ya kufika wa kwanza. Nimewaambia sisi tulisema wa mwisho, na njo sisi watu walisikiliza. Kisha mumoja akauliza basi tufanye nini, na tukaongea mpaka njaa ikatufukuza.

Nakukosa sana. Nilipozima mikro ile jioni niligeuka nikuone, na hapakuwa muntu. Lakini sikulia, Yaya. Nilikuwa na furaha mingi.

Lala salama. Nakuahidi hii moja: muntu akiwa angali anapumua, redio yetu haitamuzika.

Mutoto wako wa mbio,
Asifiwe