Matokeo ya Damu ya Mama Kanku

Stesheni ya Kolwezi, 4 Mei 1993

Charlotte mwanangu,

Tunakusalimu, wewe na wenzako wa maabara huko Liège. Mimi ni mzima. Tangu tulipofukuzwa Musonoi kwa kuwa asili yetu ni Kasai, tunalala hapa stesheni tukingoja treni ya kwenda Kasai.

Matokeo ya damu ya mama yako, ile ambayo padri mmoja alikuletea huko uipime, yamefika. Alama zote za kansa ni za kawaida. Nilimshukuru Mungu. Mimi ndiye ninayeandika orodha ya wagonjwa watakaopanda treni ya kwanza. Nikalifuta jina la mama yako, nikamwandika mke wa jirani yetu Mulumba. Mama yako bado anatapika. Alicheka: "Karatasi imenipa afya. Itanipa na hamu ya kula bukari?"

Tata yako,
Beya

Liège, 19 Mei 1993

Tata,

Nakuamkia kwa heshima. Naomba barua hii imkute mama akiwa bado anameza chakula.

Rudisha jina lake leo. Kosa ni langu. Nilituma matokeo bila maelezo. Wagonjwa wengi wa kansa ya tumbo wana alama za kawaida katika damu. Kipimo hicho husaidia kufuatilia kansa iliyokwisha kujulikana. Hakiwezi kuthibitisha kwamba haipo. Anayekonda na kutapika lazima aingizwe mpira wenye kamera tumboni, kipande cha nyama kikatwe, kipimwe. Huko Kasai iko hospitali ya misheni inayofanya hivyo. Tata, mpandishe.

Mwana wako,
Charlotte

Kolwezi, 30 Juni 1993

Charlotte,

Salamu. Mimi nina afya. Mama yako hana. Barua yako ilifika jana. Treni ya kwanza iliondoka tarehe 11 mwezi huu.

Nilikwenda kwa kamati ya treni. Mmoja wao, Mwenze, akaniuliza, "Tata Mwalimu, si wewe uliyetusomea ile karatasi? Leo inasema nini?" Watu wakacheka. Nilipiga magoti mbele yao. Wametupa nafasi katika treni ijayo. Anatapika kitu cheusi kama machicha ya kahawa.

Tata yako

Kamina, 22 Julai 1993

Mwanangu,

Leo sitauliza habari zako. Mama yako alifariki juzi, kabla hatujafika Kamina. Mama Tshiela na wanawake wengine wa behewa letu walimwosha kwa maji yao ya kunywa. Tulimzika kando ya reli.

Usiseme tena kwamba kosa ni lako. Wewe ulituma matokeo. Mimi niliyasoma kama mtu aliyetaka kulala vizuri. Sijui kama angepona.

Usiandike kwa anwani ya Kolwezi. Hakuna tena mtu wetu kule.

Tata yako