Mafundi Mlango wa Nyuma

Mpendwa mshauri,

Sasa hivi tu, kabla sijashika hii simu kukuandikia, binti yangu amemfungia baba yake mlango. Si kwa ukorofi, maana angekuwa mkorofi ningejua la kufanya, amefanya kwa adabu zote, baba yake amegonga akitoka kazini, yeye akakimbilia mlangoni kama kila siku, akamtazama kuanzia viatu mpaka begi la vyuma, akanyoosha kimkono chake akamwambia, "Samahani kaka, mafundi mlango wa nyuma," kisha akarudishia taratibu. Mshauri, sisi tunakaa chumba na sebule, mlango tunao mmoja tu. Nikasikia viatu vya baba yake vinazunguka nyumba, vikapita dirishani kwa jirani, vikapita kwenye kamba za nguo, vikarudi pale pale akagonga tena, na safari hii mtoto akamfungulia akamwambia karibu. Mimi nilikuwa nakatakata vitunguu, nikashindwa nicheke au nilie, na yeye hakucheka, amechukua ndoo ameenda bafu la nje kuoga, ndiyo nimepata nafasi, naomba unisaidie na unisamehe kama naandika ovyo, shule yangu ni ndogo.

Mimi niko mapokezi kwenye jengo moja la maofisi. Nilianza kama mfagizi, nilikuwa napiga deki ngazi kuanzia juu kushuka chini, halafu dada aliyekuwa mapokezi akaolewa akahama, msimamizi wetu ambaye wote tunamwita madam akasema huyu ana uso wa kupokea watu, akanipa blauzi na skafu, akanifundisha. Mgeni mwenye miadi unasimama, unamkaribisha kwenye sofa, unampigia simu anayemtaka, na fundi au mbeba mizigo au mleta chakula unamwonyesha mlango wa nyuma kwa upole, maana madam hapendi mtu wa kufokea watu. Naipenda hii kazi sitakuficha, nikivaa ile skafu hata mgongo unanyooka wenyewe, watu waliokuwa wananiruka na ndoo yangu bila salamu leo wananiuliza nimeamkaje, na nikawa najisemea Mungu akijalia binti yangu atafanya kazi ghorofa za juu kabisa, huku chini atapita tu.

Baba yake ni fundi bomba. Ni mtu mzuri, Jumapili ndiye anayemsuka mtoto nywele maana mimi mkono wangu una haraka, yeye anamsuka polepole mpaka mtoto analala magotini kwake kichwa kikiwa nusu, na hamwamshi, anabaki hivyo hivyo miguu inakufa ganzi. Sasa mkandarasi wake akapata kazi ya mabomba pale pale kwenye jengo letu. Siku ya kwanza akaingia mlango wa mbele na begi lake, meno yote nje kwa furaha ya kuniona, na madam amesimama pembeni yangu, mdomo wangu ukafunguka wenyewe nikasema mafundi mlango wa nyuma, kaka. Akaniangalia kidogo, akasema sawa dada, akazunguka. Jioni naogopa kurudi nyumbani, nikamkuta anacheka, ananiuliza dada wa mapokezi, leo nina miadi ya kula au nisubiri nje, tukacheka mpaka mbavu zikauma. Ikawa ndiyo mchezo wetu, kazini dada na kaka, nyumbani mke na mume.

Halafu jirani aliyekuwa ananishikia mtoto akahama, nikamwomba madam akakubali mtoto akitoka chekechea akae na mimi, anakaa nyuma ya meza juu ya boksi la karatasi anapaka rangi. Watu wa ofisini wanampenda, wanamwita Bosi Mdogo. Siku moja akaja mtu na ngazi begani, kabla sijasema mtoto akamwonyesha nyuma, wakubwa waliokuwa wanatoka kwenye lifti wakapiga makofi, madam akampa biskuti akasema huyu tayari ameajiriwa. Toka hapo ikawa kazi yake. Anaangalia viatu, vinavyong'aa sofani, vyenye vumbi nyuma, na hakosei mshauri, mimi mwenyewe nakosea lakini yeye hakosei.

Mwezi uliopita bomba likapasuka juu, maji yanashuka kwenye ngazi, baba yake akapita mbele mbio maana hakukuwa na muda wa kuzunguka. Mtoto akainuka kumkimbilia. Nikamshika gauni. Nilimshika kwa nyuma, chini ya meza, madam hakuona, na sikumwambia neno lolote, yeye akanitazama, akamtazama baba yake, akakaa akaendelea kupaka rangi. Baba yake aliona.

Haikupita muda mwalimu wa chekechea akawauliza watoto nyumbani mnaishi na nani, wangu akasema mama na fundi. Mwalimu akamsimulia baba yake alipoenda kumchukua, akidhani ni kichekesho. Tangu siku hiyo anaoga huko huko kazini na kubadilisha shati kabla hajarudi, leo tu maji yalikatika ndiyo amekuja na vumbi lake, na ule mchezo wetu umekufa, juzi nilimwita kaka akaniambia acha, mama. Sasa kapata kazi nyingine mbali sana, ya kulala kambini, kurudi ni mara moja moja, anatakiwa ajibu mwisho wa mwezi. Nilimuuliza kwa nini uende huko na kazi hapa unayo, akasema, "Nikikaa huko muda mrefu nitarudi kama mgeni. Mgeni si anakaribishwa kwenye sofa?" Hakusema kwa hasira, afadhali angekasirika.

Nilimweleza wifi yangu nikidhani atanionea huruma, akaniambia, "Wifi, wewe hujakalia kile kiti. Kile kiti ndicho kimekukalia." Anataka nimpelekee mtoto akae kwake. Mimi nafikiria labda nirudi kwenye ndoo yangu na deki, yaishe, au ningoje mtoto akue ataelewa mwenyewe, maana moyo wake ni safi, juzi kamwekea baba yake finyango la nyama kutoka sahani yake, anampenda, naamini yatanyooka. Sitaki baba yake aende akiwa na hili moyoni. Swali langu ni moja, hivi nikisimama mbele ya madam nikamwambia yule fundi ni, ngoja mshauri, ananiita kutoka bafuni, sabuni imemwingia machoni na maji yameisha kwenye ndoo, natuma hivi hivi kabla

JIBU

Mdogo wangu,

Natumaini maji yalimfikia. Ujumbe wako umekatika, lakini hakuna kilichopotea, kwa sababu neno uliloshindwa kulimalizia kwangu ndilo unaloshindwa kulisema pale kazini.

Nianze na mtoto, maana ndiye asiye na kosa. Usimchape na usimkalishe chini kumhubiria heshima kwa wazazi. Heshima anayo, alianza na samahani. Binti yako hamdharau baba yake. Anafanya kazi aliyopigiwa makofi na kupewa biskuti. Jengo zima la watu wazima lilimfundisha kwamba mtu ni viatu vyake, likamchekea kwa furaha kila alipopatia. Mlitarajia akifika nyumbani asahau? Mtoto wa umri huo hajui kwamba kuna sheria za kazini na sheria za nyumbani. Anajua dunia moja, na wewe ndiye anayekutazama ili ajue imepangwaje.

Sasa wewe. Nimesoma ulivyoandika na sijaona mahali madam alipokuambia umkane mumeo. Alikuonyesha mlango wa mafundi. Kwamba fundi hana mke mapokezi, hilo uliliongeza mwenyewe, na hukuombwa na mtu. Najua lilikotoka. Watu wamekuruka wewe na ndoo yako bila salamu kwa muda mrefu, sasa unasalimiwa, na unaogopa wakijua mumeo ni fundi wataacha kukusalimia. Hofu hiyo naielewa, wengi wanayo, wengine wana magari na bado wanayo. Lakini umemlipisha mwenzako gharama yake. Ile jioni ya kwanza alicheka ili wewe ule chakula chako kwa amani, ukachukulia kwamba ameridhika, ukaendelea.

Mtu anayemsuka mtoto nywele mpaka miguu inakufa ganzi, umemtambulisha kwangu mimi nisiyemjua, kwa maneno mazuri tena. Pale unapokaa kutwa hakuna anayemfahamu. Binti yako hajawahi kukusikia ukimtaja.

Usirudi kwenye deki. Ukiacha kazi, mtoto atajifunza kwamba kiti na baba yake haviwezi kukaa chumba kimoja, na huo ni uongo mwingine. Kwa wifi usimpeleke, ingawa wifi yako ana macho. Kusubiri akue ndiyo mbaya kuliko yote: leo anafanya kwa mazoea, akikua atakuwa ameshapata na sababu.

Ongea na mumeo kwanza, na usianze na mtoto. Anza na lile gauni. Mwambie ulilishika, mwambie uliona kwamba ameona, kisha nyamaza umwache aseme anachotaka hata kama ni kikali. Usimbembeleze abaki. Kazi ya mbali si dhambi, wanaume na wanawake wanaenda na wanarudi. Akiona inamfaa aende, ila aende kutafuta riziki, asiende kwa kukimbia nyumba yake. Hayo mawili mtayatofautisha mkiongea, na mwisho wa mwezi haujafika.

Kisha siku atakayokuja tena kwenye hilo jengo, inuka. Usiongee ukiwa umekaa. Toka nyuma ya meza, mwite madam kama yuko karibu, sema, "Madam, huyu ni mume wangu, baba yake Bosi Mdogo." Basi. Usieleze, usiombe radhi, usicheke cheke. Madam anaweza kushangaa, anaweza akaguna, na kuna uwezekano mkubwa akasema tu karibu shemeji, halafu akauliza maji yatarudi lini. Akikushusha kwa ajili hiyo, utaumia, sitakudanganya, lakini utakuwa umejua kiti chako kilikuwa kinauzwa kwa bei gani.

Sheria ya mlango iheshimuni, begi la vyuma lipite nyuma kama kawaida. Ila mtoto aende na baba yake. Amshikie utepe wa kuzibia mabomba, aone matanki, aone baba yake akifunga valvu moja na ghorofa zote zikakauka. Ashinde huko hata mchana mmoja, achafue viatu. Na watu wa lifti wakianza tena makofi yao, waambie kwa upole ule ule unaousifia kwamba mwanao ameacha kazi.

Chekechea aende baba mwenyewe, na sare yake ya kazi, asibadilishe shati. Abebe bomba na koki, watoto wafungue na kufunga. Mwalimu atafurahi, na binti yako atapiga domo wiki nzima.

Mambo hayatanyooka siku hiyo hiyo. Mtoto atachanganyikiwa, anaweza akakuuliza mbele ya wageni, kwa sauti, kama huyu ni baba au ni fundi. Usimchagulie moja. Mwambie ni vyote viwili, useme bila kupunguza sauti. Halafu rudi kwenye kiti chako, kuna watu wanasubiri kupokelewa.