Keria ya Baba Mkwe

Jumanne, 3 Juni
Nimekula mkate nikiwa nimesimama kwenye duka la baiskeli, mtaa wa Rohero. Mara ya sita sasa. Muuzaji hata hanisalimii, ananifungulia mlango tu. Baiskeli nyekundu ina springi mbele na nyuma, gia tele, inang'aa kama bibi harusi. Ya kijivu haina lolote. Bei ni moja, ya kati. Naitaka nyekundu. Aibu, mtu wa miaka arobaini na miwili.

Alhamisi, 5 Juni
Nimekwenda na Kabura, mwenzangu wa bandarini, mpanda milima kwa baiskeli wa kila Jumamosi. Nyekundu hakuitazama hata dakika. Springi ya nyuma kwa bei hii ni pambo, inakula nguvu tu. Ya kijivu ina fremu nyepesi ya aluminiamu na shingo pana itakayopokea foko bora, ule uma wa mbele, baadaye. Fremu yeye huiita kadre: "Chukua kadre, bingine bitakuya pole pole." Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Nimenunua ya kijivu. Nina furaha ya kitoto.

Jumamosi, 7 Juni
Kilima cha Kiriri. Nimeshuka mara mbili kusukuma. Gia zinalia, pedali zinateleza. Sawa. Mwezi ujao pedali, mwakani foko. Fremu hailalamiki.

Jumapili, 8 Juni
Baba mkwe amekuja kutoka Kamenge baada ya misa. Miaka ishirini alishusha ndizi kutoka milima ya Bugarama kwa baiskeli. Ameizunguka yangu. Kisha: "Mukwe wangu, kinga bila porte-bagage? Utabeba nini, upepo?" Kinga kwake ni baiskeli, porte-bagage ni keria. Goreti, mke wangu, amecheka. Nami nimecheka. Kwao baiskeli mpya huanzia kwa mchomeleaji, ifungwe keria ya nondo, ndipo iitwe baiskeli.

Jumatatu, 9 Juni
Nimerudi kutoka kazini, baiskeli haipo. Baba mkwe ameichukua. Zawadi, anasema Goreti. Kesho asubuhi inachomelewa keria.
Aluminiamu! Moto ule utaitoboa. Fremu ikifa, hakuna cha kuboresha tena. Nimepiga simu, hapokei. Na angepokea? Mkwe hamkatalii baba mkwe zawadi. Sijawahi. Nina hasira naye. Nina hasira zaidi na mimi mwenyewe.

Jumanne, 10 Juni
Kamenge, alfajiri. Mchomeleaji alishavaa miwani. Nimesema. "Baba, apana. Moto itaua hii kinga." Baba mkwe amegonga fremu kwa ukucha, akasikiliza mlio usio wa chuma, akaamuru mashine izimwe. Hakunitazama. Kisha ameifunga keria kwa vipande vya mpira wa tairi, kama walivyofunga ndizi. Imekaza kweli. Mbaya kuitazama. Nimeshukuru kwa mikono miwili.

Jumamosi, 14 Juni
Nimepanda Kiriri na keria yangu. Kabura amecheka mpaka akakaa chini. Sikuifungua. Zawadi ni zawadi.
Mchana baba mkwe amekuja, ameomba aijaribu baiskeli. Saa nzima hajarudi, nikaanza kuwaza mabaya. Amerudi amelowa jasho. Alifika Kiriri, juu kabisa. Miaka yote ile milima aliipanda ameshikilia lori, miguu imepumzika. Leo amepanda kwa miguu yake.
Amekaa kwenye ngazi, akafungua mipira mmoja mmoja. Nondo ni nzito kwenye mlima, amesema. Nimemletea maji. Amekunywa yote, kisha akauliza Jumamosi tunaondoka saa ngapi.